Njia ya Gololi

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Siku ya tatu bila Emilia. Nimepika uji, umeungua. Nimepika mwingine, nao umeungua. Kitangari nzima iko mashambani inaokota korosho, mimi nakwangua sufuria.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mke wangu sikumfukuza wala sikumpiga. Amechoka tu. Jumamosi asubuhi alizunguka nyumba akihesabu kwa vidole. Paa nusu bati, nusu nyasi. Banda la kuku halina mlango. Choo kina ukuta unaoishia kiunoni. Kitanda kina miguu mitatu na tofali. Akamfunga Happiness mgongoni, akabeba begi, akasema: "Baba Happiness, naenda kwa dada Severina, Nanganga. Siku nitakayosikia umemaliza kitu kimoja, nitarudi. Kimoja tu. Sichagui."

Hachagui! Nimelifikiria neno hilo siku mbili. Choo ni kazi ya wiki. Paa ni kupanda juu, na mimi na ngazi hatuelewani. Lakini kitu kimoja, hakuna aliyesema kiwe kikubwa, wala kiwe na faida.

Na kitu ninacho tayari, kichwani. Mwezi jana nilikwenda Masasi kuomba uwakala kwa mmoja wa hawa wanunuzi binafsi wa korosho, waliokuja na soko huria na kutuacha sisi makarani wa ghala tukilinda panya. Juu ya meza yake palikuwa na pambo la waya wa shaba, umekunjwa kama njia ndogo. Anaweka gololi juu, inateremka, inapinda, inazunguka, inafika chini taratibu kama mgeni mwenye adabu. Mnunuzi alikuwa ananieleza kwa nini sifai. Sikusikia hata neno moja.

Nitatengeneza ile. Kubwa zaidi. Emilia atarudi mbio.

Jumanne, 4 Oktoba

Newala, kwa lori la korosho. Huko yuko Abdulrazaki, fundi wa majenereta, rafiki yangu wa tangu enzi za ushirika. Ana jenereta lililoungua, tumbo lake limejaa waya wa shaba. Hatoi bure. Tumekubaliana mabati sita, yale yaliyobaki ya kumalizia paa. Nilikuwa nimekwenda nayo garini, nilihisi tu yatafaa.

Nimelipima jambo hili kwa haki. Paa haliishi wiki hii. Kwa hiyo mabati yalikuwa yamekaa bure, na kitu kikikaa bure kinaharibika.

Abdulrazaki kaongeza gololi nane za beringi ya lori, kipande cha lehemu, na somo la kuyeyusha lehemu kwa chuma cha moto. Kisha tukalifungua jenereta. Sikutegemea! Waya umepangwa safu juu ya safu, umebanana kama ukili wa mkeka, mwekundu, hakuna uzi uliopanda juu ya mwenzake. Kuna mtu mahali fulani aliufanya hivyo, akijua utafunikwa na hakuna atakayemsifu. Nimekaa nao mapajani safari nzima ya kurudi, nimesahau hata njaa.

Kushuka tu, Basil huyo. Basil ni seremala, jirani yangu wa upande wa chini, na ugonjwa wake ni kumaliza vitu. Akauliza waya wa nini. Nikamjibu ni mambo ya kibiashara. Akaniambia ameweka kitasa kwenye choo chake. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimejenga tangu alfajiri hadi saa kumi. Nyaya mbili sambamba, vigingi vya mianzi, kona sita. Nimeunguza vidole vinne. Ilipendeza! Nikaweka gololi juu.

Ikateremka kama lori lililokatika breki. Kona ya kwanza ikaenda moja kwa moja. Ikagonga mtungi, mtungi ukapasuka. Ya pili ikaenda moja kwa moja, imepotea. Ya tatu ikampata mbuzi wa Basil ubavuni. Basil akaja na mbuzi kama shahidi. Nikampa pole mbuzi.

Zimebaki saba. Tatizo nimeligundua: gololi hazina nidhamu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Leo limetokea jambo. Ili nilielewe hata nikija kulisoma uzeeni, nianze na mkwe wangu.

Mama Severina ndiye mama wa Emilia. Nyumba yake na yangu zinatazamana, maana kwetu mume ndiye anayemfuata mke, na ardhi hii ni ya kwao. Mkwe na mkwe hatutazamani usoni, wala hatusemeshani. Akiingia uani kwangu, mimi natoka. Tukikutana njiani, mimi naingia porini, hata kama kuna upupu. Miaka saba nimemjua kwa mgongo na kwa ndoo yake. Neno lake lilikuwa linapita kwa Emilia. Sasa Emilia hayupo, basi anaongea na kinu.

Saa tatu kaja kuleta maji. Hayo maji anayatoa bondeni, kilima kizima kichwani, na tangu mtoto wake aondoke hajaacha kuniletea ndoo moja. Sikustahili hata kikombe. Nilipomsikia nikakimbilia chooni, nikachuchumaa, kwa sababu ya ule ukuta.

Nikachungulia juu ya tofali. Katua ndoo. Kaona mashine. Kaizunguka mara mbili, polepole, mikono nyuma. Akachukua gololi, akaiweka juu, akaiachia. Ikaruka kona ya kwanza. Akacheka puani. Kisha akakigeukia kinu.

"Wewe kinu, mwambie mwenye nyumba. Hakuna mwanamke anayepita kona namna hii na ndoo kichwani. Angekuwa ameshalowa mpaka miguuni."

Akavua kata, ile duara ya nguo wanayoweka kichwani chini ya ndoo. Akaing'oa kona yangu mbovu, akauzungusha waya kwenye kata, akabana kwa dole gumba, pole pole, akautoa. Kona pana, mviringo safi. Kisha akaunyanyua waya wa upande wa nje, kidogo, kama upana wa kucha. Akaiachia gololi. Ikaja mbio, ikafika pale, ikajiegemeza kwenye ule waya wa nje, ikapita.

Niliishika koleo ya kukunjia waya siku nzima jana. Yeye hakuigusa! Miaka arobaini anapanda kutoka bondeni na maji kichwani. Kila kona ya kile kilima ameipita na shingo yake, anajua pa kupunguza mwendo, pa kuegemea, pa kupumua. Mimi nimekikaa kilima hichohicho, nimeona miti tu.

Nilikaa chooni saa nzima, miguu ikafa ganzi. Basil akapita, akaniona kichwa, akanipa pole ya tumbo kwa sauti ya kusikika hadi kijiji cha Mkunya.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mpango mpya, mzuri mno. Nitakunja kona mbovu, mkwe atazirekebisha, mimi nitapiga lehemu. Kazi moja, mikono minne, mhandisi mkuu mimi. Usiku nilikunja mbovu nane. Nilijitahidi ziwe mbovu kweli.

Kaja, kaziangalia. Akakiambia kinu kwamba mtoto anayejifanya mgonjwa hujulikana kwa macho, na waya pia. Lakini akavua kata, akaanza.

Sijui niandikeje. Kila kona aliipa tabia yake. Juu kabisa aliiacha gololi isinzie. Katikati akaipa mteremko, ikakimbia. Kisha akaweka kona pana kuliko zote, ya raha, na hapo ndipo inapopumzika kabla ya kushuka tena. Baadaye nimeambiwa na kila mama wa hapa kwamba ndivyo njia ya bondeni ilivyo, na pale kwenye kona ya raha ndipo wanapotua ndoo na kusengenya. Gololi ilipopita kona tano mfululizo, waya wote ukaimba, sauti nyembamba kama mvua ya kwanza kwenye bati.

Nikasahau. Wallahi nilisahau! Niliruka kutoka chooni napiga makofi. Tukawa uso kwa uso.

Ana macho ya Emilia. Ana chale tatu kila shavu, za zamani, zinapinda na kurudi. Kwa kufumba na kufumbua nimeziona zote, kisha yeye akajifunika kanga na mimi nikaanguka kwenye mihogo.

Faini ya kumtazama mkwe ni kuku jike. Kuku ninao, ila banda halina mlango, nao walishahamia kwa Basil zamani. Imenibidi niende kumwomba Basil kuku wangu mwenyewe. Alinitolea mmoja, kamfunga miguu vizuri, na hotuba ndefu kuhusu bawaba.

Jumamosi, 8 Oktoba

Kuku nimemfunga kwenye kinu. Jioni hayupo, badala yake kuna bakuli la ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha. Faini imepokelewa. Nimekula nikashiba mara ya kwanza wiki hii.

Basil amekwenda Nanganga leo kupeleka milango. Nafasi hiyo! Nimempa salamu: Emilia aambiwe kwamba kitu kimoja kimekwisha. Basil akauliza kama kimekwisha kweli. Nikasema kabisa. Akauliza tena. Basil ana dharau sana.

Huo si uongo, ni habari iliyotangulia. Kona zimefika kumi na nne. Limebaki gurudumu la kuipandisha gololi juu tena, na kipande cha kuunganisha. Mpaka Emilia amalize kufunga mizigo na kupata lori, itakuwa tayari.

Jumapili, 9 Oktoba

Baada ya misa nimetengeneza gurudumu, mimi mwenyewe. Ringi ya baiskeli iliyopinda, vikopo kumi na viwili vya nyanya za mkebe, mpini wa jembe. Ukizungusha, kikopo kinachota gololi chini na kuimwaga juu. Ringi imepinda, kwa hiyo inachechemea, lakini inachota!

Mkwe kaja jioni. Mimi chooni. Kazungusha gurudumu, kaliangalia linavyochechemea, hakulisema vibaya. Nilijisikia kama nimepewa cheti.

Akarekebisha kona ya kumi na nne. Sasa pamebaki pengo moja tu, la urefu wa shubiri, kutoka kona ya mwisho mpaka gurudumu. Ukiziba hapo, njia imekwisha. Akachukua waya, nikawa nasubiri avue kata. Hakuivua. Akauweka waya juu ya kinu, akakaa chini karibu nacho, kama anakaa na mtu.

"Kinu, mwambie. Kipande hiki sikikunji. Nikikikunja mimi, mwanangu atakuwa amerudishwa kwa uongo, na ataondoka tena. Mimi ni mzee. Asubuhi namwita Emilia twende bondeni, halafu nakumbuka hayupo. Namtaka mwanangu. Mwambie akikunje mwenyewe, hata kikiwa kibaya."

Akanyanyuka kwa shida, akaenda. Nimebaki nimechuchumaa mpaka mbu wakanitoa. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Nilifikiri yeye anachezea waya kama mimi. Kumbe kila kona alikuwa anamvuta mtoto wake apande kutoka Nanganga.

Kesho nitakikunja. Leo mkono umechoka.

Jumatatu, 10 Oktoba

Basil karudi. Emilia yuko njiani kesho, lori la asubuhi!

Jaribio la kwanza, mteremko mkali, gololi ikaruka gurudumu. La pili, waya umekatika. La tatu, lehemu imenidondokea gotini. Nikafikiria kuzungushia pengo kamba na kuliita kituo. Nikafikiria kuweka kikombe mwisho na kusema ndivyo zilivyo za kisasa. Nikafikiria kumwita Basil. Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza zaidi, na ndilo lililonitia akili.

Nikajiuliza mkwe anajuaje. Kata sina. Nikaviringisha shati langu, nikaliweka kichwani, nikajitwisha ndoo ya maji. Nikaanza kutembea kutoka mlangoni, kukizunguka kinu, kurudi. Hatua tatu nikalowa. Nikaanza tena. Nikalowa. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka mashambani na vikapu vya korosho wakasimama njiani. Mmoja akakaa chini kabisa kucheka. Basil akauliza kama na hii ni ya kibiashara.

Mara ya nne nikaelewa. Kona huigeuzi kwa miguu. Shingo inajua mapema kabla hujafika, unaanza kuegemea ndani wakati njia bado imenyooka. Ndoo ikakaa kimya. Nimekizunguka kinu chote bila tone kumwagika! Wale wanawake wakaacha kucheka, mmoja akanipigia kigelegele. Nikaitua ndoo, nikaukunja waya haraka kabla shingo haijasahau.

Kipande kimepinda kidogo, kina nundu katikati. Lakini gololi imepita. Ikaingia kikoponi, ikapanda, ikamwagika juu, ikaanza upya. Nikaizungusha mara ishirini. Nimemaliza kitu. Nina miaka thelathini na tisa, na leo nimemaliza kitu. Machozi yamenitoka. Nimejiambia ni moshi, lakini hapa naandika ukweli.

Jumanne, 11 Oktoba

Emilia kaja saa nne. Vumbi mpaka kwenye nyusi, Happiness mgongoni, begi kichwani. Nikamkimbilia nimpokee begi, akakataa kulitua. Alisema kwanza aone.

Mama yake alisimama upande wa pili wa njia, kajifunika kanga, katugeuzia mgongo. Lakini alikuwa amesimama.

Nikazungusha. Gololi ikasinzia juu, ikakimbia katikati, ikapumzika kwenye ile kona ya raha, na hapo Emilia akatabasamu, maana aliitambua. Ikashuka, ikafika kwenye kipande cha mwisho, ikapanda ile nundu, ikasitasita. Ikashuka, ikaingia kikoponi.

Akauliza nani kakunja kona hizi. Nikasema mimi, na kinu. Akakitazama kinu, akautazama mgongo wa mama yake kule ng'ambo. Kisha akainama, akapeleka kidole polepole njia nzima kutoka juu mpaka chini, akakisimamisha penye nundu.

"Hiki ndicho chako," alisema.

Nikaitikia. Nilidhani ataondoka tena. Akakipapasa kile kipande tena, muda mrefu. Halafu akatua begi.

Mama Severina akapiga kigelegele kule aliko, bila kugeuka. Nikaingia chooni kwa heshima, nikakaa humo kwa furaha.

Jioni ua ulijaa watu, uraka, pombe ya mabibo, ukaletwa. Happiness alicheka kila gololi ilipopita, hakuchoka. Basil aliuzungusha mpini mara kumi na moja, nilihesabu, akasema tu kwamba ingefungwa kwenye ubao ingekaa vizuri zaidi. Kwa Basil hiyo ni kulia kwa uzuri.

Jumatano, 12 Oktoba

Asubuhi tulivu. Emilia na mama yake wameshuka bondeni alfajiri, pamoja, nimewasikia mpaka wakapotelea. Happiness kalala. Mimi nimekaa mbele ya mashine na chai, chai ya Emilia, haijaungua.

Nzuri sana. Sijaona kitu kizuri zaidi yake Newala yote, na Masasi niongeze. Niliiangalia nusu saa bila kuchoka.

Lakini gololi moja moja! Wazia mbili. Njia mbili, zinapishana katikati, moja inapita juu ya mwenzake, na chini kengele ya baiskeli. Watu watatoka Mtwara! Yule mnunuzi wa Masasi atanifuata mwenyewe. Ila ili njia ya pili ipite, lazima kona ya tatu ifunguliwe. Kona ya tatu inashikana na ya nne. Ya nne ikilegea, ile ya raha nayo haisimami.

Basi nimezifungua zote. Na kile cha mwisho chenye nundu nacho nimekinyoosha, kitafaa kushikilia kengele. Ua mzima ni waya, unang'aa kwa jua.

Emilia alitaka kitu kimoja kimalizwe, nami nilikimaliza, mashahidi wapo, Basil akiwemo. Hakuna mahali aliposema kibaki kimemalizwa.

Sasa nasikia sauti zao, wanapanda. Wametua kwenye kona yao, wanacheka, na cheko la Emilia liko juu kuliko la mama yake. Wakifika kwenye mwembe wa Basil wataanza kuuona ua. Sitawaambia kitu, nataka waone wenyewe. Watafurahi sana.